Kubadili prosesa ya ThinkPad T440p: nilichopata kwa shilingi laki mbili

Kwa muda wa miaka minne nimekuwa nikihariri video za sherehe kwenye kompyuta mpakato aina ya ThinkPad T440p, niliyoinunua Kariakoo ikiwa imeshatumika Ulaya, na ilifika wakati kazi ya sendofu moja tu ilikuwa ikinifanya nikeshe nikisubiri video ikamilike kutoka. Nilikuwa na njia mbili: kuiuza na kuongeza fedha ninunue mashine ya karibuni zaidi, au kuitoa prosesa yake (chipu inayofanya hesabu zote za kompyuta) ya Intel Core i5-4300M na kuweka i7-4712MQ yenye viini vinne, yaani sehemu nne zinazofanya kazi kwa pamoja. Nilichagua njia ya pili, ikanigharimu jumla ya shilingi 205,000, na baada ya miezi minane ya kuitumia kila siku naweza kueleza ni kitu gani kilibadilika, ni kipi hakikubadilika hata kidogo, na kwa nini mwenzangu mwenye mashine ileile anaweza kufanya jambo hilohilo akawa amezitupa fedha zake.

Kabla hata ya kuuliza bei, mtu anapaswa kujua kwamba kompyuta mpakato nyingi zilizoko mikononi mwa watu haziwezi kubadilishwa prosesa. Prosesa zake zimelehemiwa moja kwa moja kwenye ubao mama, na haziondoki bila mashine ya hewa ya moto na fundi ambaye mkono wake hautetemeki. Dalili iko kwenye herufi zinazofuata namba. Katika kizazi cha 4 cha Intel, kilichotoka mwaka 2013, prosesa yenye herufi M au MQ ina pini na hukaa kwenye soketi, ilhali yenye U au HQ imelehemiwa. Hivyo i7-4712MQ na i7-4712HQ zinalingana kwa viini na kwa kasi, lakini moja unaweza kuinunua peke yake ukaichomeka, na nyingine haina maana yoyote kwako ikiwa nje ya ubao wake. Katika kizazi cha 3 herufi M peke yake haitoshi kukuhakikishia, kwa kuwa i5-3320M ilitengenezwa kwa maumbo yote mawili, na ndiyo sababu ThinkPad T430 ina soketi huku X230, mdogo wake wa mwaka uleule wa 2012, ikiwa imelehemiwa. Kuanzia kizazi cha 5 Intel iliacha kabisa kuweka soketi katika prosesa zake za kompyuta mpakato. Hata ndani ya familia ya T440 kuna mtego: T440 na T440s zinatumia prosesa za herufi U, na ni ile yenye p ndogo mwishoni pekee iliyo na soketi. Nimemwona kijana akinunua T440 kwa kusikia tu kwamba “T440 inakubali i7 ya viini vinne”, na herufi moja aliyoipuuza ikamgharimu safari nzima.

Shemeji yangu, mwalimu wa sekondari, alinusurika kuingia katika mtego unaofanana na huo. Ana HP EliteBook 840 G3 yenye i5-6300U, na fundi mmoja alimwahidi kwamba angemwekea i7 kwa shilingi 250,000, kazi ya nusu saa. Aliponipigia simu kuniuliza kama bei ni nzuri, nilimwambia, “Shemeji, muulize anabadili prosesa au anabadili ubao mama mzima.” Alirudi na jibu kwamba ni ubao, nao ni wa kutoka kwenye mashine nyingine iliyovunjika kioo. Sisemi kwamba kubadili ubao ni kosa, kwani mafundi wengi hufanya hivyo na mashine zikaishi, lakini hapo unanunua ubao uliotumika usiojua umepitia nini, na hiyo i7 utakayowekewa, kwa kizazi cha 6 cha herufi U, ina viini viwili vilevile ulivyokuwa navyo kwenye i5. Kwa nyongeza ndogo ya kasi ya namna hiyo, shilingi 250,000 ni nyingi mno.

Turudi kwenye T440p. Soketi yake inapokea prosesa kadhaa za viini vinne, na watu wengi hukimbilia i7-4700MQ au i7-4800MQ kwa kuwa namba zake ni kubwa. Mimi niliziacha kwa sababu ya wati, yaani umeme ambao prosesa hula na kuugeuza joto. Prosesa hizo mbili zimepangiwa wati 47, wakati i5-4300M iliyokuwemo imepangiwa wati 37, na kipoza joto cha mashine yangu ni cha toleo lisilo na kadi ya picha ya ziada. Katika chumba cha Dar es Salaam mwezi wa Februari, feni inapovuta hewa iliyo na joto tayari, wati 10 za ziada si jambo la kupuuzwa. Nilichotafuta ni i7-4702MQ au i7-4712MQ, zote za wati 37, na nikaamua kuchukua ya pili kwa kuwa ni ya mwaka 2014 na ina kasi kidogo zaidi.

Hapa naomba msomaji asimame kidogo kwenye namba, maana hukumu yote ya bidhaa hii inatokana nazo. i5-4300M ina viini 2 na inaendesha mikondo 4 ya kazi kwa wakati mmoja, kasi yake ya kawaida ni gigahezi 2.6, ya juu ni 3.3, na kumbukumbu yake ya ndani ni megabaiti 3. i7-4712MQ ina viini 4 na mikondo 8, kasi ya kawaida gigahezi 2.3, ya juu 3.3, kumbukumbu ya ndani megabaiti 6. Kasi ya juu ni ileile. Kwa kazi yoyote inayotegemea kiini kimoja, prosesa niliyokuwa naitoa na niliyokuwa naiweka ni sawa kwa sawa, na katika mwendo wa kawaida ile ya zamani ina kasi kubwa zaidi kwenye karatasi. Kilichoongezeka ni idadi ya mikono, na mikono ikiongezwa mahali ambapo kazi yenyewe ni ya mtu mmoja, wengine watakaa kutazama. Zaidi ya hayo, zote mbili zimejengewa mtambo uleule wa picha, Intel HD 4600, jambo ambalo lina uzito mkubwa kwa mhariri wa video kama nitakavyoeleza.

Kuipata prosesa kulinichosha kuliko kuifunga. Ya kwanza niliiagiza kwenye duka moja la mtandaoni kwa bei iliyonifurahisha, na ilipofika nikakuta juu yake pameandikwa INTEL CONFIDENTIAL badala ya jina la prosesa. Hizo ni sampuli za majaribio ambazo kiwanda huwapa watengenezaji wa kompyuta kabla ya bidhaa kutoka rasmi. Hazikukusudiwa kuuzwa, na baadhi yake zina kasoro ambazo zilirekebishwa baadaye au hazitambuliwi na BIOS, programu ya msingi inayoiwasha mashine. Sikuichomeka. Kurejeshewa fedha kulichukua wiki tatu za kutuma picha na kujibizana, na tangu hapo naomba picha ya maandishi ya juu ya prosesa, ikiwa imepigwa karibu, kabla sijalipa hata senti. Ya pili niliipata kwa muuzaji mwingine kwa shilingi 140,000 pamoja na usafirishaji, ikiwa na maandishi yaliyo sahihi lakini pini moja ya pembeni imelala. Pini za prosesa hizi ni nyembamba na zinapita 900, na ukijaribu kuinyoosha moja kwa kucha utalaza tatu. Nilichukua penseli ya kubonyeza, nikaitoa risasi yake, nikaivisha ile ncha yenye tundu kwenye pini na kuiinua polepole hadi ikasimama kwenye mstari na wenzake. Niliitazama kwa tochi ya simu kutoka pande mbili kabla ya kuridhika.

Kuhusu ufungaji, T440p inastahili sifa bila kigugumizi, kwa sababu iliundwa na watu waliojua kwamba siku moja itafunguliwa. Unatoa betri, unabonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde kadhaa ili umeme uliobaki utoke, unalegeza skrubu mbili za kifuniko cha chini, na kifuniko kinateleza na kutoka kizima. Chini yake unakutana na RAM (kumbukumbu ya muda ya mashine), feni na kipoza joto bila kung'oa kibodi wala kufumua kioo. Nilipokiinua kipoza joto nilikuta kati ya feni na mapezi ya shaba pamejaa vumbi lililoshikana kama kipande cha blanketi, na pesti ya kupitishia joto iliyokuwa juu ya prosesa ilikuwa imekauka na kupukutika kama chokaa ya ukuta wa zamani. Soketi yenyewe ina skrubu moja ya bapa. Ukiizungusha nusu mzunguko kwa bisibisi, prosesa inaachiwa. Ile mpya unaipanga kwa kufuata pembetatu ndogo ya dhahabu iliyo kwenye kona, kisha unaiachia, na ikiwa pini zote zimenyooka inazama yenyewe kwa uzito wake. Ikikataa kuzama usiibonyeze. Yangu ilikataa mara ya kwanza, nikaitoa, nikakuta ile pini niliyoinyoosha bado imeegemea upande kidogo.

Nilipowasha, kioo kilibaki cheusi kwa muda ambao kwangu ulikuwa mrefu sana, feni ikizunguka kwa nguvu, kisha mashine ikajizima na kuwaka tena, na nembo ya Lenovo ikatokea. Nilikuwa nimesasisha BIOS siku iliyotangulia nikiwa bado na prosesa ya zamani, na nashauri kila mtu afanye hivyo, kwa kuwa mashine isiyoitambua prosesa yake haitakupa nafasi ya kuisasisha baadaye.

Sasa vipimo. Watu wengi hufungua mashine iliyojaa vumbi, wakaweka prosesa mpya na pesti mpya kwa siku moja, halafu wakaisifia prosesa kwa faida ambayo sehemu yake imeletwa na ufagio. Kwa sababu hiyo nilipima mara tatu, kwa video ileile ya dakika kumi, yenye marekebisho ya rangi na maandishi ya majina, nikairenda, yaani kuitoa ikiwa faili moja iliyokamilika, kwa programu ya kuhariri video ya Shotcut. Mashine ikiwa chafu na prosesa ya zamani, ilichukua dakika 21. Nikaisafisha, nikaweka pesti mpya, nikairudisha prosesa ileile ya i5, na muda ukashuka hadi dakika 17. Dakika nne nzima zilikuwa zinaliwa na vumbi, kwa kuwa prosesa ikipata joto kupita kiasi hujipunguzia kasi ili isiungue. Kisha nikaweka i7-4712MQ, na kazi ileile ikaisha kwa dakika 10 na sekunde chache.

Kutoka 17 hadi 10 ni punguzo la maana. Sendofu ya saa mbili na nusu, ambayo ilikuwa inanila zaidi ya saa nne za kurenda baada ya usafi, sasa inaisha katika saa mbili na nusu hivi, na naweza kuanza jioni nikalala kwa wakati. Hata hivyo viini vimeongezeka mara mbili na muda haukupungua hadi nusu, wala haukupaswa kupungua hivyo, kwa sababu viini vyote vinne vikifanya kazi pamoja ndani ya wati zilezile 37, kila kimoja hulazimika kwenda taratibu kuliko kinapokuwa peke yake, na tena baadhi ya hatua za kazi hazigawanyiki.

Lakini hapo ndipo hadithi inapopinda. Shotcut ina kisanduku cha kuruhusu kurenda kwa kutumia mtambo wa picha badala ya prosesa yenyewe, na kama nilivyosema, mtambo huo wa HD 4600 umo katika prosesa zote mbili. Nilipoweka alama kwenye kisanduku hicho, i5 iliyosafishwa ilimaliza video ileile kwa dakika 9, na i7 ikamaliza kwa dakika 7. Kwa maneno mengine, ningeweza kuibakiza prosesa yangu ya zamani, nikaweka alama moja kwenye kisanduku ambacho hakilipiwi, nikapata muda mfupi kuliko ule nilioununua kwa shilingi 205,000. Sababu pekee iliyonifanya nisijute ni ubora: kwa ukubwa uleule wa faili, video iliyorendwa na mtambo huo wa picha huonyesha mabaka kwenye sehemu zenye giza na mwendo wa haraka, na ukumbi wa sendofu wenye taa za rangi zinazozunguka na watu wanaocheza umejaa vyote viwili. Wateja wangu hutazama kwenye televisheni kubwa sebuleni, na bibi harusi mmoja aliwahi kuniuliza kwa nini mama yake “ana miraba usoni”. Kwa kazi ya kulipwa natumia prosesa. Kwa vipande vya kutuma WhatsApp natumia mtambo wa picha, na hapo i7 hainisaidii chochote cha kusimulia.

Nina neno pia kwa wale ambao kinachowakera ni video kukwamakwama wakati wa kuhariri, kabla ya kufika hatua ya kurenda. Programu hiyo hiyo inaweza kutengeneza nakala nyepesi za vipande vyako, ukazihariri hizo, kisha ikazirudishia zile halisi wakati wa kurenda. Nilianza kuitumia njia hiyo nikiwa bado na i5 na ikaniondolea robo tatu ya manung'uniko yangu.

Nje ya video, mabadiliko niliyoyaona ni machache kiasi kwamba mke wangu, anayetumia mashine hiyohiyo kuandaa hesabu za kikundi chao cha kuweka na kukopa, hakujua kwamba nimebadili kitu hadi nilipomwambia. Kuwaka kwa mashine ni kulekule, hati zinafunguka kwa kasi ileile, kivinjari chenye kurasa kumi kinakwenda vilevile. Hiyo ndiyo tafsiri ya ile gigahezi 3.3 iliyofanana. Mashine yangu ilikuwa na SSD, yaani diski ya kasi isiyozunguka, na RAM ya gigabaiti 16, ambayo ndiyo kikomo cha T440p, tangu mwaka wa kwanza nilipoinunua, na vitu hivyo viwili ndivyo vilivyoibadili kutoka mashine ya kukera kuwa mashine ya kufanyia kazi. Mwenye diski ya kuzunguka na RAM ya gigabaiti 4 akiniambia anataka kubadili prosesa kwa sababu kompyuta “ni nzito”, nitamwomba kwanza afungue orodha ya kazi zinazoendelea, atazame ni kitu gani kimefika asilimia 100 wakati yeye anasubiri. Ikiwa ni diski, prosesa mpya itasubiri diski ileile. Ikiwa ni kiini kimoja tu kati ya vilivyopo, ataongeza viini vya kupumzika. Ni pale anapokuta viini vyote vimejaa, tena kwa dakika nyingi na mara nyingi kwa wiki, ndipo mazungumzo ya prosesa yana msingi.

Gharama ambayo sikuihesabu mwanzoni ni ya chaja. Mashine ilikuja na chaja ya wati 65, nayo wakati wa kurenda ilikuwa ikipata moto hadi nikaogopa kuiacha juu ya zulia, kwa kuwa viini vinne vikifanya kazi huku betri inachajiwa na kioo kinang'aa, nafasi inayobaki ni finyu. Nilinunua ya wati 90 kwa shilingi 45,000, na pesti pamoja na spiriti ya kusafishia vikafika 20,000. Kuhusu joto, mashine iliyosafishwa na kuwekewa prosesa mpya ina joto dogo kuliko ilivyokuwa chafu na prosesa ya zamani, ingawa feni husikika kwa muda mrefu zaidi wakati wa kazi nzito. Betri hudumu vilevile nikiandika, na huisha haraka nikirenda, jambo ambalo silifanyi bila umeme isipokuwa LUKU imeniumbua.

Je, fedha hizo zingenifikisha wapi kwingine? Nilipouliza bei Kariakoo wakati huo, T440p kama yangu ilikuwa inauzika kwa takriban shilingi 350,000, na ThinkPad T480 iliyotumika, yenye i5-8250U, ilikuwa inaanzia 800,000. Ningehitaji kuongeza 450,000, zaidi ya mara mbili ya nilichotumia. Ila lazima niseme kile ambacho 450,000 zingenunua. i5-8250U, iliyotoka mwaka 2017, ni miongoni mwa prosesa za kwanza za Intel zilizoleta viini vinne na mikondo minane kwa wati 15, yaani idadi ileile ya viini niliyoihangaikia kwa penseli na tochi, kwa chini ya nusu ya wati. Inakuja kwenye mashine nyembamba na nyepesi. Tena, ukiacha prosesa chache za kizazi cha 7, kizazi cha 8 ndicho cha kwanza kwenye orodha ya prosesa zinazokubaliwa na Windows 11, na kizazi cha 4 hakimo. Microsoft ilisitisha msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, kwa hiyo mwenye T440p leo, awe na i5 au i7, ana swali la usalama ambalo prosesa ya soketi hailijibu. Mimi nilihamia mfumo endeshi wa Linux Mint, na Shotcut inafanya kazi humo bila tatizo, lakini siwezi kumshauri hivyo mtu ambaye ofisi yake inamtaka atumie programu za Windows pekee.

Hukumu yangu, basi, inategemea mtu alipo. Aliye na T440p tayari, yenye SSD na RAM ya kutosha, ambaye anarenda au kukokotoa mambo mazito kwa saa nyingi kila wiki na hana nusu milioni ya kuongeza, i7-4712MQ ni matumizi mazuri ya fedha, mradi asafishe mashine kwanza na kupima kabla ya kuagiza. Anayetaka kununua T440p leo ili aje aibadili prosesa, nitamshawishi asubiri mwezi mmoja au miwili aongeze fedha. Ningekuwa naanza upya mwaka huu, ningefanya hivyo. Na anayeichukia kwa ajili ya ile pedi ya kugusa isiyo na vitufe vya kubonyeza, ambayo ni chukizo halali kabisa, ajue kwamba pedi ya T450 inaingia humo na ina vitufe vyake. Kwa furaha ya kila siku, huenda hiyo ndiyo nyongeza bora kuliko prosesa.

Shemeji alinunua SSD na kipande kimoja cha RAM, akamshukuru yule fundi na kuondoka. Ile i5-4300M niliyoitoa ningali nayo, imelala ndani ya kiboksi cha plastiki na sifongo, pini zake zote zimesimama. Fundi mmoja alinipa shilingi 15,000 nikakataa, kwa kuwa nimeshaulizia na kugundua kwamba sokoni hakuna anayelipa zaidi kwa T440p yenye viini vinne: mnunuzi husoma stika ya i5 iliyo karibu na kibodi, akauliza ni jenereisheni ya ngapi, akisikia ya nne anataja bei yake ileile. Siku nitakapoiuza nitairudisha i5 mahali pake, na i7 nitaiuza peke yake kwa mtu anayeitafuta.